Jicho Linapovimba kwa Ndani

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Songea kwenda Njombe, utapita Madaba. Hiyo ni nchi ya vilima na mabonde, yenye mashamba mengi ya mahindi. Mvua yake si haba, na mito yake ni mingi. Katika sehemu hii ya Mkoa wa Ruvuma maji huachana njia: mengine hufuata Mto Ruhuhu mpaka Ziwa Nyasa, na mengine hufuata Mto Luwegu mpaka Rufiji na Bahari ya Hindi. Penye mteremko mkali maji hukimbia juu ya mawe kwa kelele na povu jingi. Mtu aliyetoka shambani hupenda kupumzika hapo na kunawa uso.

Hata hivyo, kando ya mito ya namna hiyo watu wengi wamepata ugonjwa uliowapotezea macho. Hawakuingiwa na mchanga machoni, wala hawakuchomwa na mwiba. Macho yao yaliharibika kwa ndani, polepole, kwa miaka mingi. Katika sura hii tutajifunza jinsi jambo hilo linavyotokea. Lakini kwanza hatuna budi kulijua jicho lenyewe.

Tulitazame jicho

Kaeni wawili wawili, mkielekeana, karibu na dirisha. Mmoja afumbe macho na kuyafunika kwa viganja, huku mwenzake akihesabu mpaka 30. Kisha ayafumbue. Mwenzake alitazame kwa makini tundu jeusi lililo katikati ya jicho. Je, tundu hilo limefanya nini? Rudieni jaribio hili mara tatu, kisha mbadilishane. Msilitazame jua, wala msimmulike mwenzenu kwa kioo.

Bila shaka mmeona ya kuwa tundu lile lilikuwa pana mara macho yalipofumbuliwa, kisha likawa dogo. Tundu hilo ndilo mboni ya jicho. Duara la rangi ya kahawia linaloizunguka mboni huitwa irisi. Irisi ni kama pazia lenye uhai. Penye mwanga mwingi hujifunga na kuacha tundu dogo. Penye giza hujifungua ili mwanga mwingi zaidi upate kuingia. Hufanya kazi hiyo mchana kutwa bila ya wewe kuiamuru.

Mbele ya irisi kuna konea. Konea si rahisi kuiona, kwa sababu ni angavu kama kioo cha saa. Haina mishipa ya damu, na hiyo ni sababu mojawapo ya uangavu wake. Kati ya konea na irisi kuna maji safi. Nyuma ya mboni kuna lenzi, ambayo hukusanya miale ya mwanga na kuielekeza nyuma ya jicho. Huko nyuma kuna utando mwembamba uitwao retina. Retina hupokea mwanga, na neva ya jicho hupeleka habari kwenye ubongo.

Ukuta wa nje wa jicho ni mweupe na mgumu. Kati ya ukuta huo na retina kuna tabaka jingine, lenye mishipa mingi sana ya damu. Kazi yake mojawapo ni kulilisha jicho. Tabaka hilo hulizunguka jicho kwa ndani, na sehemu yake ya mbele kabisa ndiyo ile irisi mliyoitazama. Madaktari huliita uvea. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya zabibu, kwa kuwa jicho likiambuliwa ule ukuta mweupe hubaki kitu cha mviringo, cheusi, mfano wa zabibu. Mwalimu akiweza kupata jicho la ng'ombe au la mbuzi kutoka kwa mchinjaji, mtaliona tabaka hili waziwazi. Kwa sasa kumbukeni jambo moja: uvea imejaa damu, lakini konea, maji na lenzi, ambazo mwanga hupitia, hazina budi kuwa angavu siku zote.

Uvimbe ni nini?

Tuseme umechomwa na mwiba mguuni, nawe hukuutoa. Kesho yake mahali pale patakuwa pekundu, pana moto, pamevimba, tena panauma. Kwa nini? Mwili umetambua kwamba kitu kigeni kimeingia, tena labda kimeingia pamoja na vijidudu. Mishipa ya damu ya mahali hapo hupanuka. Damu nyingi hufika, na maji ya damu huvuja kutoka mishipani. Chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hutoka katika mishipa na kumshambulia adui. Uvimbe, basi, ni vita ya mwili kujilinda. Bila ya vita hiyo, kidonda kidogo tu kingeweza kutuua.

Mguu una nafasi ya kuvimba. Vita ikiisha, hubaki kovu dogo lisilokuzuia kutembea. Jicho si hivyo. Jicho ni kama kibanda kidogo cha mfinyanzi kilichojaa vyungu. Mwizi akiingia humo, na askari wakamfuata na kupigana naye humo humo, watamshinda, lakini vyungu vitavunjika. Ndivyo ilivyo uvea inapovimba. Askari wa mwili huja kulilinda jicho, na mapigano yao hulidhuru.

Tutazame madhara hayo. Maji ya damu na chembechembe nyeupe humwagika katika yale maji safi yaliyo mbele ya irisi. Maji huwa na ukungu, kama maji ya mtungi yaliyotiwa unga kidogo, na mgonjwa huona vitu kana kwamba yuko katika moshi. Irisi iliyovimba hunata. Kwa kuwa iko karibu sana na lenzi, huweza kugandamana nayo. Hapo mboni huwa haina tena umbo la duara. Huwa na pembepembe, na pazia letu haliwezi kujifungua. Kila mwanga unapoingia, irisi hujaribu kujikunja, nayo huuma, kama kidonda kinavyouma kikiguswa. Ndiyo maana mgonjwa wa uvimbe wa ndani hupenda kukaa gizani.

Tena, maji ya ndani ya jicho hutengenezwa kila siku na hutoka kila siku kwa vijia vidogo. Uvimbe ukiziba vijia hivyo, maji hujaa, na jicho hukaza kama mpira uliotiwa upepo kupita kiasi. Mgandamizo huo huiua neva ya jicho. Lenzi nayo huweza kupata ukungu mweupe, uitwao mtoto wa jicho. Uvimbe ukiwa nyuma, kwenye retina, huacha madoa ya makovu. Mtoto wa jicho daktari anaweza kumtoa kwa upasuaji. Lakini retina iliyokufa haioti tena, wala neva iliyokufa haioti tena. Hakuna dawa, ya hospitali au ya kienyeji, inayoweza kuzirudisha.

Sababu za uvimbe huu ni nyingi. Jicho huweza kuvimba kwa ndani baada ya kupigwa na jiwe, fimbo au bua la mahindi. Vijidudu vya kifua kikuu na vya ukoma huweza kuufikia mpaka uvea. Mara nyingine mwili hukosea na kulishambulia jicho lake wenyewe, na daktari hutafuta sababu asiione. Sisi tutaichunguza zaidi sababu moja, inayoihusu mito.

Macho mekundu si ya namna moja

Mwanzoni mwa mwaka 2024 watu wengi wa Dar es Salaam walipatwa na ugonjwa wa macho mekundu. Ugonjwa huo uliletwa na virusi. Virusi vya namna hiyo hushika ngozi laini iliyo juu ya weupe wa jicho na ndani ya kope. Mgonjwa hutokwa na machozi na matongo, na asubuhi kope zake hunatana. Aghalabu macho yote mawili hushikwa, na watu wa nyumba moja huambukizana kwa mikono na taulo. Wengi hupona baada ya siku chache.

Uvimbe wa ndani una dalili nyingine. Matongo huwa hakuna. Maumivu hutoka ndani, si juu ya jicho. Wekundu huwa mwingi kando kando ya konea, kama pete. Mwanga huumiza. Mgonjwa huona ukungu, au huona vidoadoa vikielea mbele yake. Mara nyingi mboni ya jicho linalouma huwa ndogo kuliko ya jicho la pili. Wakati mwingine, hasa uvimbe ukiwa nyuma, jicho halina hata wekundu. Mtu huona vibaya tu.

Mtu mzima anaweza kukuambia, "Ni macho mekundu tu, yatapoa." Mara nyingi husema kweli. Lakini ikiwa jicho linaogopa mwanga, au haliona sawasawa, usikubali kungoja. Mweleze mzazi na mwalimu siku hiyo hiyo.

Inzi wa mtoni

Sasa turudi kwenye mto wenye mawe na povu. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotuama. Inzi mdogo mweusi tutakayemsoma sasa hufanya kinyume. Hutaga katika maji yanayokimbia kwa kasi, maana maji hayo yana hewa nyingi. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, wakinasa chakula kinachopita na mkondo. Baadaye hugeuka kuwa inzi, wakaibuka na kuruka. Inzi huyu ana urefu wa milimita 2 hadi 4 tu, na mgongo wake una nundu. Jike peke yake ndiye anayeuma watu, kwa sababu anahitaji damu ili apate kutaga. Huuma mchana, na mahali alipouma huwasha sana.

Kuna ajabu moja ya inzi hawa. Katika milima ya Usambara, na zamani katika sehemu fulani za Kenya, viluwiluwi wa jamii mojawapo hawajishikizi kwenye mawe. Hujishikiza kwenye migongo ya kaa wa mtoni, wakabebwa na kaa popote aendapo! Wataalamu waliokuwa wakiwatafuta kwenye mawe walitaabika bure mpaka siri hiyo ilipojulikana.

Kuumwa na inzi peke yake hakupofushi mtu. Ubaya ni kwamba inzi huweza kubeba minyoo. Akimwuma mtu mgonjwa, hunyonya damu pamoja na vitoto vya minyoo vilivyo katika ngozi. Vitoto hivyo hukua ndani ya inzi kwa muda wa juma moja au mawili. Inzi akimwuma mtu mwingine, minyoo huingia katika mwili wa mtu huyo. Huko hukua kwa muda wa mwaka mmoja hivi, wakaishi chini ya ngozi, wamejiviringisha ndani ya vinundu. Vinundu hivyo huweza kupapaswa kwa vidole, hasa juu ya mifupa ya nyonga na ya mbavu. Mnyoo jike huweza kuwa na urefu wa nusu mita, naye huishi miaka 10 au zaidi. Kila siku huzaa vitoto mamia kwa mamia. Kitoto kimoja hakifiki hata nusu milimita, hivyo hakionekani kwa macho bila ya darubini.

Ugonjwa huu huitwa usubi. Hapa Tanzania umeonekana katika mikoa yenye milima na mito ya kasi, kama vile Tanga, Morogoro, Mbeya, Ruvuma na Njombe. Zaidi ya asilimia 99 ya wagonjwa wa usubi duniani huishi barani Afrika.

Vitoto vya minyoo hutambaa katika ngozi ya mwili mzima. Ngozi huwasha usiku na mchana, hata mgonjwa akajikuna kwa kijiti au kigae. Wanafunzi hukosa usingizi, wakasinzia darasani. Baada ya miaka ngozi hukunjamana, na miundi huwa na mabaka meupe kama ngozi ya chui. Vitoto vingine hufika usoni, na kutoka usoni huingia katika jicho.

Hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha. Kitoto cha mnyoo kikiwa hai ndani ya jicho, jicho haliumi sana. Hutambaa katika konea, au huogelea katika maji yaliyo mbele ya irisi, na askari wa mwili hawakishughulikii sana. Maisha yake ni mwaka mmoja hadi miwili. Kinapokufa, mwili wake huoza na vitu vilivyokuwamo humwagika. Hapo askari wa mwili hukurupuka. Mwaka 2002 wataalamu walieleza kwamba ndani ya minyoo hawa huishi bakteria, na kwamba bakteria hao ndio hasa wanaoamsha vita mnyoo anapokufa. Kwa hiyo mnyoo aliyekufa ana madhara kuliko aliye hai.

Kifo cha kitoto kimoja huleta uvimbe mdogo sana, wenye doa dogo kama punje ya ukungu. Doa hilo huweza kupona. Lakini mtu aliyeumwa na inzi mwaka baada ya mwaka ana vitoto maelfu kwa maelfu, na kila siku vingine hufa. Vita haiishi. Konea hupata makovu kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka kioo chote kinakuwa cheupe. Irisi hugandamana na lenzi. Retina na neva huharibika. Mtu aliyeumwa na inzi utotoni huweza kupofuka akiwa na umri wa miaka 30 au 40, wakati watoto wake bado ni wadogo na shamba linamhitaji.

Mbele ya ofisi kuu ya Shirika la Afya Duniani, huko Geneva, imesimamishwa sanamu ya mzee kipofu aliyeshika ncha ya fimbo. Ncha ya pili ameishika mtoto anayetangulia kumwonyesha njia. Sanamu hiyo ni kumbukumbu ya ugonjwa huu. Mtoto yule, ni dhahiri, hakwenda shule siku hiyo.

Dawa iliyotoka udongoni

Watu walijaribu kwanza kuwaua inzi. Katika bonde la Kodera, Nyanza, nchini Kenya, waliwaangamiza katika miaka ya 1940 kwa kumimina dawa ya DDT mitoni. Lakini DDT hudhuru samaki na viumbe wengine, na mahali penye mito mingi kazi hiyo ni kubwa mno.

Ilikuwapo pia dawa ya zamani ya kuwaua minyoo wenyewe. Iliwaua vizuri, tena upesi. Tatizo lilikuwa upesi huo. Vitoto maelfu vilikufa kwa pamoja, na vita kubwa ikazuka katika ngozi na machoni kwa wakati mmoja. Wagonjwa wengine waliokuja kutibiwa macho walipata hasara zaidi ya macho. Ninyi mliokwisha kuelewa maana ya uvimbe mnaweza kuona kwa nini ilikuwa hivyo.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Japani, Satoshi Ōmura, alichukua udongo wa nchini mwake na kukuza vijidudu vilivyomo. Kijidudu kimojawapo kilitoa kitu cha kuua minyoo. Nchini Marekani, William Campbell na wenzake walikichunguza, na kutokana nacho ikatengenezwa dawa iitwayo ivermektini. Kwanza ilitumiwa kwa wanyama. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliyoitengeneza ilitangaza kuitoa bure kwa wagonjwa wa usubi. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel.

Dawa hii huviondoa vitoto vya minyoo taratibu, bila ya kuzusha vita kubwa jichoni. Pia humzuia mnyoo jike asitoe vitoto kwa miezi mingi. Hata hivyo haimwui jike mwenyewe. Athari ya dawa ikipungua, huanza tena kutoa vitoto. Kwa sababu hiyo dawa haina budi kumezwa angalau mara moja kila mwaka, kwa miaka 10 au zaidi, mpaka majike wafe kwa uzee. Mtu asiyewashwa hujiuliza, "Nimeze dawa ya nini, nami siumwi?" Jibu ni kwamba mnyoo anaweza kuwamo mwilini miaka mingi kabla ya jicho kuonyesha dalili. Na anayeikataa dawa huwa ghala la minyoo: inzi atakayemwuma atawapelekea majirani.

Mkoani Ruvuma ugawaji wa dawa hii ulianza miaka ya 1990. Wagawaji walichaguliwa na wanakijiji wenyewe, wakafundishwa kazi. Hawakuhitaji mizani. Walitumia fimbo ya kupimia urefu iliyotiwa alama. Mtu mwenye urefu wa sentimita 90 hadi 119 humeza kidonge 1. Wa sentimita 120 hadi 140, vidonge 2. Wa sentimita 141 hadi 158, vidonge 3. Na aliyezidi hapo, vidonge 4. Mtoto asiyefika sentimita 90 hapewi. Hali kadhalika hawapewi wanawake wajawazito, mama aliyejifungua katika juma lililopita, na mgonjwa mahututi. Fimbo hiyo ni chombo cha busara sana: haiharibiki, haihitaji umeme, na kila mtu anaielewa. Lakini usijipimie mwenyewe dawa nyumbani. Ukiona mwasho au uvimbe baada ya kumeza dawa, mweleze mgawaji au mganga wa zahanati.

Kazi hii ikifanywa bila kukatizwa, minyoo huisha. Colombia ilithibitishwa kuwa haina tena usubi mwaka 2013. Mwaka 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa hivyo.

Kulitunza jicho

Usubi si adui peke yake. Macho mengi ya watoto huumizwa kwa michezo: manati, mishale ya vijiti, na kurushiana mawe. Wakati wa kuvuna mahindi, majani na mabua makavu huchoma macho. Anayepasua kuni asizungukwe na watoto. Msimtazame fundi anayechomea vyuma, maana mwanga wake huunguza konea. Naweni uso kila siku kwa maji safi, kwa sababu nzi wa kawaida hueneza vikope, ugonjwa mwingine unaopofusha. Mchicha, majani ya maboga, matembele, maembe, mapapai na maini vina vitamini A inayohitajiwa na jicho.

Jicho likiumizwa, usilisugue. Kama limeingiwa na mchanga, lioshe kwa maji safi mengi. Kama limechomwa na kitu kilichobaki humo, usikichomoe. Lifunike kwa kitu safi kisicholigandamiza, uende hospitali. Jicho lililotobolewa lisipotibiwa, huweza kuwa hatari hata kwa jicho la pili. Mwili ukiisha kuanza vita na jicho moja, mara chache hulishambulia na lile zima.

Watu wengine hutia machoni maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo au sukari. Madaktari waliochunguza vidonda vya konea hapa Tanzania walieleza mwaka 1994 jinsi dawa za kienyeji zilivyohusika na vidonda hivyo. Dawa za dukani nazo zina hatari yake. Yapo matone yanayotuliza uvimbe haraka, na daktari huyatumia kwa uvimbe wa ndani. Yakitiwa katika jicho lenye kidonda cha vijidudu, kidonda hula konea. Yakitumiwa muda mrefu bila ya kupimwa, huleta mtoto wa jicho na ule mgandamizo unaoua neva. Usikubali kutiwa matone yaliyobaki ya jirani.

Zahanati haina vyombo vyote vya kulitazama jicho kwa ndani. Mganga wake akikuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, usidhani ameshindwa kazi. Huko daktari wa macho atatumia darubini yenye mwali mwembamba wa mwanga, na ataziona chembechembe nyeupe zikielea katika maji ya jicho kama vumbi katika mwanga wa dirishani. Atatia matone ya kuipanua mboni. Kwa siku chache hutaweza kusoma vizuri, na jua litakusumbua. Usiogope: irisi imevutwa mbali ili isigandamane na lenzi. Kisha atatafuta sababu ya uvimbe, maana kuutuliza bila ya kuondoa sababu ni kuukaribisha urudi.

Maswali na kazi

1. Eleza kwa nini uvimbe wa mguuni hupona bila ya madhara makubwa, lakini uvimbe wa ndani ya jicho huweza kupofusha.

2. Mwenzako ana jicho jekundu lisilo na matongo, naye anaomba dirisha lifungwe. Utafanya nini, na kwa nini?

3. Tengenezeni fimbo yenye alama za sentimita 90, 120, 141 na 159. Pimaneni urefu darasani. Ni wanafunzi wangapi wangepewa vidonge 2? Wangapi vidonge 3?

4. Waulize wazee wa kijiji chenu kama wanawakumbuka watu waliopofuka kwa usubi, na waliishi karibu na mto gani. Andika majibu yao katika daftari lako.

5. Dawa ya zamani iliwaua minyoo upesi kuliko ivermektini. Kwa nini hiyo haikuwa faida kwa jicho?